Bastola ya Benchi la Nyuma

Tolliver Branch, Kentucky
6 Februari 2011

Shemeji Royce,

Huku theluji imegoma kuondoka, kuni zipo, na dada yako Opal bado ananitawala, kwa hiyo tuhesabu kuwa tu wazima. Natumaini Ohio nako kunakuendea vyema, ingawa mtu aliyeikimbia milima akiwa na miaka kumi na tisa, na mpaka leo anakula maharage bila mkate wa mahindi, hawezi kuwa mzima kabisa.

Nina jambo la kukuuliza, nalo ni la kazi yako. Unamkumbuka Janelle, binti wa marehemu Hobart? Amemwacha mumewe baada ya kipigo cha tatu, na kanisa limempa chumba katika nyumba ya mchungaji. Mume huyo amesimama barabarani mara mbili wakati wa ibada. Mara ya pili alimwambia mchungaji usoni, "Jumapili moja nitaingia, na sitakuja kuimba." Polisi wa wilaya wako mwendo wa dakika arobaini. Basi wazee wa kanisa wamechagua watu wawili wa kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, wakiwa na silaha chini ya koti bila kutangaziwa mtu. Mmoja ni Elwood Fugate. Wa pili ni mimi.

Nimefurahi kuchaguliwa. Tangu niache kupeleka barua, miaka tisa sasa, hakuna aliyeniomba nifanye jambo lolote ila kushika ngazi ili mtu mwingine apande.

Kibali cha kubeba silaha ninacho. Bastola niliyo nayo ni ile ya baba, kubwa, ya chuma tupu. Nikiivaa chini ya koti Opal anasema nafanana na mtu aliyeiba birika. Nataka ya kufichika. Wewe umesimama nyuma ya kaunta ya bunduki miaka ishirini na minane ukiwachagulia watu usiowajua. Nichagulie mimi unayenijua. Vifundo vya vidole vimevimba kidogo, hasa asubuhi. Macho mazuri. Mengine yote kama zamani.

Shemeji yako,
Wendell Stamper


Hamilton, Ohio
14 Februari 2011

Shemeji Wendell,

Barua yako ilifika na tope la huko kwenye bahasha. Niliiacha hivyo hivyo mezani siku mbili kabla ya kuifuta. Miaka hamsini na saba niko hapa, na bado tope la kwetu nalijua kwa rangi.

Sasa kazi. Mtu akija kaunta akaniambia, "Nipe ndogo kuliko zote," nilikuwa simpi. Nilimwambia kwanza anyooshe mikono niione. Bastola ndogo na nyepesi ni tamu kubeba na chungu kupiga. Inaruka mkononi, mpini wake haukai kiganjani, na shabaha unaitafuta kama uzi kwenye tundu la sindano. Mwenyewe ataipiga mara sita, kiganja kitamuuma, ataiweka, na hataifanyia mazoezi tena. Tangu hapo anatembea na kitu asichokijua. Wanawake ndio walioonewa zaidi. Wauzaji wenzangu waliwapa kile kidogo chenye mpini wa waridi, wakadhani wamewafanyia hisani.

Kwa vidole vyako, ya magazini, ile ya kujaziwa risasi kwenye mpini, itakutaka nguvu ya kuikoki, na ya silinda, ile ya kuzunguka, haitaki kukokiwa lakini kifyatulio chake ni kizito. Usichague kwa macho. Nenda shambani kwa Elwood, pigeni zote mbili, uhesabu umefika risasi ya ngapi kabla ya vifundo kulalamika. Uniandikie hesabu hiyo.

Na kabla ya bastola, fikiria ala. Watu hutumia wiki tatu kuchagua bastola na dakika tatu kuchagua ala ya kuitia. Ala njema hufunika kifyatulio chote, haiachii bastola hata ukiipindua kichwa chini, na inakaa kwenye mkanda mgumu, si ule wa kuvalia suruali ya harusi. Usiibebe mfukoni ikiwa uchi.

Mwisho nilikuwa nauliza, "Nyumbani kuna nani?" Wewe sikuulizi. Nampenda aliyeko nyumbani kwako kuliko wewe.

Nakutania. Sijaombwa ushauri na mtu tangu nistaafu. Asante.

Royce


Tolliver Branch
20 Februari 2011

Kaka Royce,

Wendell hajui kama nakuandikia. Ukinijibu, tuma kwa anwani ya saluni ya Verna, ambayo nimeiandika nyuma.

Kaka, usimchagulie Wendell bastola.

Tulikwenda kwa daktari Lexington mwezi wa Oktoba. Ugonjwa wa kusahau umeanza, alisema, na utaendelea, labda pole pole. Siku nyingi yuko kama unavyomjua. Anatengeneza pampu, anamcheka mchungaji, ananiambia nimetia chumvi nyingi na kweli nimetia. Lakini Jumapili moja ya Desemba aliondoka na gari kwenda kuleta maziwa akarudi saa tisa alasiri. Alikuwa ameizunguka njia yake yote ya zamani. Alisimama kwenye kila sanduku la barua, akalifungua, akalifunga, akaenda kwa la pili. Watu walimpungia mkono madirishani wakidhani anatania. Aliporudi alikaa garini. Nikamwambia, "Ingia ndani, mume wangu, baridi." Akasema, "Opal, sikuwa na barua hata moja."

Alinikataza nisikwambie. Akasema, "Wote wakijua, sawa. Royce asijue. Royce ndiye bado ananitukana kama mtu mzima."

Wazee wa kanisa hawajui. Nikiwaambia nitakuwa nimemvua nguo mbele ya watu. Nikimkataza mimi, atasema ni woga wa kike. Wewe anakusikiliza. Mtafutie sababu, kaka, yoyote ile, asiende kununua.

Mdogo wako,
Opal


Hamilton
1 Machi 2011

Shemeji Wendell,

Hesabu yako nimeipata: kumi na nane kwa ya magazini, tisa kwa ya silinda. Basi imejichagua yenyewe. Kuna moja ya milimita tisa, nyembamba, ya kukoki laini, ambayo ningempa mtu mwenye mikono kama yako. Nitakuandikia jina lake kwa wakati wake.

Lakini ala kwanza. Yuko fundi wa ngozi Tennessee aliyekuwa akiwashonea wateja wangu wazuri. Anashona moja moja kwa mkono, anailowanisha ngozi na kuibana juu ya chuma chenyewe mpaka ishike umbo. Foleni yake ni ya miezi mitano, labda sita. Nimekuandikisha jina. Subiri hiyo, usinunue chochote kabla yake. Elwood atashika mlango mpaka hapo. Mengine yote ya kubeba nitakueleza ala ikifika.

Royce


Hamilton
1 Machi 2011

Opal mdogo wangu,

Nimefanya ulivyotaka. Nimempa foleni ya miezi sita kwa fundi wa Tennessee. Fundi huyo alifariki mwaka juzi. Nilipeleka maua.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Nimwandikieje sasa? Nikiendelea kumtania, namdanganya. Nikiacha kumtania, atajua.

Royce


Tolliver Branch
17 Aprili 2011

Royce,

Ala haijafika, na sitaisubiri. Nimenunua.

Nilikwenda peke yangu, dukani kule mjini, Ijumaa. Mwenye kaunta ana ndevu mpaka hapa na hakuiomba mikono yangu aione.

Akaniuliza, "Mzee, ya kuweka wapi?"

Nikamwambia, "Mfukoni, nikae nayo kanisani."

Akacheka. "Huko kwenu mahubiri ni makali hivyo?"

Akaniwekea moja nyepesi, ya silinda, ndogo kama pakiti ya sigara. "Hii utasahau kama unayo," akasema, na aliisema kama sifa.

Nikauliza ala. Akasema mfuko wa suruali unatosha, wengi hufanya hivyo. Nimeipiga mara tano shambani kwa Elwood. Ulisema kweli, inauma.

Jumapili hii nimekaa nayo benchi la nyuma. Mume wa Janelle hakuja. Msalimie fundi wako.

Wendell


Tolliver Branch
16 Mei 2011

Kaka Royce,

Nimekaa saluni kwa Verna kuandika haya haraka, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Jana katikati ya mahubiri Wendell alitoka kwenda chooni. Choo chetu unakijua, kimoja tu, wanaume kwa wanawake. Bastola ilikuwa uchi mfukoni, na mtu akishusha suruali itaanguka sakafuni. Akaitoa akaiweka juu ya tangi la maji. Akamaliza, akanawa, akarudi kukaa benchini. Aliiacha pale.

Aliyeingia baada yake ni mjukuu wa mchungaji, Kaylee, wa miaka minne. Siku hizi anakataa kusindikizwa, anasema yeye ni mkubwa. Aliingia peke yake akafunga mlango. Tangi lile limefungwa ukutani, juu kidogo tu ya kichwa chake. Alitoka na mikono imelowa, akaja kumwonyesha mama yake kwamba amenawa.

Aliyefuata ni dada Icie, mpiga piano, mwenye miaka themanini na mmoja. Yeye ndiye aliyeiona. Aliifunga kwenye leso, akaitia katika mkoba wake, akarudi kwenye piano, akapiga wimbo wa kufunga beti zote nne bila kukosea. Ibada ilipoisha alinishika kiwiko.

"Opal, nina kitu cha mumeo hapa, na sijui upande upi ndio wa mbele."

Nilimwambia amkabidhi Elwood, nikatoka nje.

Wendell alikuwa ameshaingia garini, amewasha moto. Nikamwuliza, "Iko wapi?" Akauliza, "Nini?" Kisha akagusa mfuko. Kaka, tumeoana miaka arobaini na tisa na sikuwahi kuuona uso ule.

Elwood alikuja jioni akairudisha. Nilimwambia mlangoni, "Kwa nini unaileta?" Akasema, "Silaha ya mtu ni ya mtu, dada Opal. Mimi si wa kumnyang'anya." Ndiyo desturi yetu. Mtu anaweza kukosa akili na meno, lakini bastola yake utamrudishia. Amemwambia Wendell aliachie kidogo benchi la nyuma, Darlene, mke wa Elwood mwenyewe, atakaa badala yake. Wendell akaitikia kwa kichwa. Sasa iko droo ya kando ya kitanda, upande wake. Hata chumvi ikizidi anakula tu.

Mwandikie kwamba kiwandani wamegundua hitilafu katika bastola za namna ile, wanazirudisha zote. Atakuamini. Nitaipeleka mimi mwenyewe kwa polisi wa wilaya. Uongo mmoja tena, kaka, na umekwisha.

Opal


Hamilton
22 Mei 2011

Shemeji Wendell,

Nimeanza barua hii mara nne. Mara tatu za kwanza nilikuandikia kuhusu hitilafu ya kiwandani. Ilikuwa barua nzuri, yenye tarehe na namba za kubuni. Nimeichoma jikoni.

Hakuna fundi wa Tennessee. Alikuwepo, alikufa, na mimi nilijua amekufa nilipokwambia nimekuandikisha jina. Hapakuwa na foleni. Opal aliniambia kuhusu Lexington mwezi wa Februari, akaniomba nikuzuie. Usimlaumu. Alinipa kazi, na namna ya kuifanya niliichagua mimi.

Kwa miaka ishirini na minane nimewakatalia watu mbele ya macho yao. Alikuja mmoja ananuka pombe, nikamwambia hapana. Alikuja mama mmoja ambaye hakuuliza risasi zinauzwaje wala bastola inasafishwaje, akataka tu yoyote iliyo karibu, nikajua ni ya kujiua. Nilizunguka kaunta nikaketi naye mpaka dada yake alipokuja kumchukua. Sikuwahi kumdanganya hata mmoja wao. Wewe, uliyenibebea jeneza la mama wakati mimi nimekwama huku na zamu ya kiwanda, kwako wewe nilijificha nyuma ya fundi aliyekufa.

Na kwa sababu nilijua hutapata bastola, sikujisumbua kukufundisha kuibeba. Jambo la choo ni la kwanza kabisa katika kazi yetu. Wasiobeba hawawezi hata kulifikiria, lakini wabebaji, wenye akili timamu, vijana, polisi, wameziacha juu ya matangi, juu ya visanduku vya karatasi, kwenye ndoano za makoti. Nilikuwa nalisema kwa kila mteja kabla sijampa risiti: haitoki kwenye ala, na ala haitoki mwilini. Wewe sikukwambia. Nilisema mengine nitakueleza ala ikifika. Ukaenda ukanunua bila mimi, na ukapewa kile hasa ambacho ningekunyima. Kwa hiyo hatia ile ya Jumapili si yako peke yako. Sehemu kubwa ni yangu, na usiku nikilala namwona mtoto yule ananawa mikono.

Sasa nakwambia nilichopaswa kukwambia Machi. Wendell, usibebe tena. Usiiweke nyumbani. Nisingekuuzia, na kama ungekuwa mgeni ningekwambia hivyo nikikutazama.

Nitumie tusi lolote. Nitalisoma lote.

Royce


Tolliver Branch
29 Mei 2011

Shemeji Royce,

Leo ni asubuhi nzuri, kichwa kimekaa mahali pake, kwa hiyo naandika haraka kabla hakijatoka kutembea.

Nilijua. Njia yangu sasa anaipita Junior Sizemore, ambaye nilimfundisha kazi mwenyewe. Mwezi wa Machi alinikuta kwenye pampu ya petroli akaniuliza, "Mzee Stamper, shemeji yako wa Ohio siku hizi anaandikia saluni? Anataka kusukwa nywele zipi na upara ule?" Tukacheka wote. Nikarudi nyumbani sicheki. Wewe humwandikii mtu saluni bila jambo. Siku mbili baadaye bahasha ilikuwa ndani ya Biblia ya Opal, mwandiko wako, muhuri wa Hamilton. Sikuisoma. Miaka thelathini na mmoja sikusoma barua isiyo na jina langu, nisingeanza na ya mke wangu. Wala haikuhitajika. Nilikwenda kwa Elwood kutumia simu yake, tukaulizia yule fundi wa ngozi. Mjane wake ndiye aliyepokea. Mama mpole sana.

Basi nilikaa wiki sita nikikungoja useme. Kila siku nilikwenda sandukuni nikitarajia barua yako ya kunikataza. Ningekasirika, tungetukanana, pengine ningekuelewa. Haikuja. Nikaenda dukani kwa hasira, na kwa hasira nikakubali nilichopewa. Mtu mwenye ndevu angenipa hata manati.

Lakini tusifanye hesabu ya nani alikosa zaidi, maana uongo wa kwanza ulikuwa wangu. Nilikuomba unichagulie bastola nikakuficha kichwa kitakachoibeba.

Jana nilikwenda kwa mchungaji. Nilimwomba amwite binti yake na Kaylee waje sebuleni. Nikamweleza mama wa Kaylee yote, na jina la ugonjwa nikalitaja. Hakuwa amejua kuwa mtoto alikuwa mle kabla ya Icie. Alimpakata mtoto akamshika hivyo muda mrefu, na mimi sikuondoka mpaka aliponiambia naweza kwenda. Mtoto akaniuliza kwa nini nalia. Wazee wa kanisa sasa wote wanajua. Mume wa Janelle hajaonekana tangu Pasaka, na Darlene Fugate analenga vizuri kuliko mumewe na kuliko nilivyowahi mimi.

Sasa sikiliza ninachotaka. Uje. Usimwandikie Opal, usimtume Elwood, uje mwenyewe na gari, ulale hapa siku mbili. Chukua hii ndogo na ile ya baba pia. Sheria ya kuvusha bastola kutoka jimbo hadi jimbo unaijua wewe: tutapita kwa muuzaji mwenye leseni, tutatia sahihi, jina langu litoke kwenye karatasi na lako liingie. Nataka nifanye hivyo kwa mkono wangu, siku nitakayojua ninachofanya. Usikawie, siku za namna hiyo sijui zimebaki ngapi.

Na kuna jambo moja utaniapia kabla hujaondoka. Itafika siku nitakupigia simu nikitaka bastola yangu. Daktari hakulisema hilo, lakini najijua. Huenda nikakuita mwizi. Huenda nikasema nakaa benchi la nyuma na watu wananitegemea. Siku hiyo usiniambie iko kwa fundi, wala usiniambie itafika mwezi ujao. Niambie, "Wendell, ulinipa mwenyewe ukiwa na akili zako, na sikurudishii." Nikipiga tena kesho yake, niambie hivyo tena. Nikipiga mara kumi, niambie mara kumi, kwa maneno hayohayo, na sauti usiilainishe. Sitakumbuka kuwa umenikatalia. Lakini nataka kila mara iwe ni wewe uliyenikatalia.

Shemeji yako,
Wendell